MGB ya 1965: hosi mpya za breki zinajisokota na pedali bado laini

Mkongwe65
Wakuu habari za kazi. Gari ni MGB ya 1965 (gari dogo la michezo la Kiingereza), diski mbele, dramu nyuma, masta silinda (pampu kuu ya breki) ya njia moja, yaani inalisha magurudumu yote kwa pamoja. Kalipa za mbele (zinazobana pedi kwenye diski) zimewekwa pistoni na sili mpya, na hosi za mbele zimebadilishwa zikawekwa zile zilizosukwa waya. Sasa hosi ya kushoto, nikikaza nati ya kwenye breketi (kishikizo cha hosi kwenye gari), inajisokota karibu nusu mzunguko. Halafu pedali: nimetoa upepo hadi nusu lita ya mafuta imepita, bado laini. Nikipampu mara tatu inapanda, nikiiachia kidogo inarudi chini. Hakuna panapovuja. Swali jingine, washa za shaba zinakaa ncha moja ya hosi au zote mbili?

Spana_ya_Ringi
Mkuu, hosi inajisokota kwa sababu umeanzia upande wa breketi. Ncha ya kalipa haina nati inayozunguka peke yake, kwa hiyo ukiizungusha unazungusha hosi nzima. Anza kwenye kalipa ncha nyingine ikiwa inaning'inia huru: washa ya shaba, ingiza kwa mkono mpaka ikae, kisha kaza kwa spana. Ndipo upitishe ncha ya pili kwenye breketi. Shika kichwa cha hosi kwa spana moja kisitikisike, kaza nati kwa spana nyingine. Paipu ya chuma inafungwa mwisho kabisa. Wakati wa kufungua ni kinyume chake, paipu kwanza.

Washa ya shaba ni moja, upande wa kalipa tu. Kwenye breketi inakaa washa ya meno chini ya nati, maana pale kinachozuia mafuta ni mdomo wa paipu unaobanwa ndani ya hosi. Washa ya shaba iliyokwisha kubanwa usiirudishe hivi hivi. Weka mpya, au ichome mpaka iwe nyekundu ili ilainike tena.

Baada ya kufunga, kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, gari likiwa juu ya stendi na tairi zinaning'inia. Rudia tairi zikiwa chini zimebeba uzito. Hosi isivutike wala kugusa tairi. Hizo za waya zina ubaya wake: zikisugua chuma zinakikata, na zenyewe zinaisha.

Diski_na_Pedi
Hiyo ya pedali, jibu swali moja kwanza: nipeli za kutolea upepo ziko juu ya kalipa au chini?

Kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana sana na zote mbili zinaingia upande wowote, bolti zinashika, pedi zinakaa. Ukizibadilishana, nipeli inaangalia chini. Upepo unapanda juu ya kalipa na kubaki huko, hata upitishe lita tano. Hii ndiyo sababu ya kwanza ninayoitafuta kwenye gari lililotoka kufumuliwa.

Ya pili ni dramu za nyuma. Viatu vya breki vikiwa mbali na dramu, pedali nayo inapanda kwa kupampu. Namna ya kutofautisha: ikishapanda, ibakize mguuni. Ikiwa ngumu kweli, rekebisha nyuma, kuna kichwa cha mraba nyuma ya sahani ya kila gurudumu. Kaza mpaka gurudumu ligome, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Ikiwa inabonyea bado, ni upepo.

NyuziNane
Niongeze jambo moja ambalo halionekani kwa macho. Hosi za gari hili ni nyuzi za inchi, 3/8 UNF. Nyingi zinazouzwa ni za milimita, M10x1. Moja ina kipenyo cha milimita 9.5, nyingine 10, na mwachano wa nyuzi ni milimita 1.06 kwa 1.0, kwa hiyo zinadanganyana. Ya inchi ikiingia tundu la M10 inalegea, ila inakubali kukazwa, halafu siku ukikanyaga breki kwa nguvu inachomoka. Ya M10 kwenye tundu la inchi inagoma baada ya mzunguko mmoja au miwili, na hapo watu hutumia nguvu na kuua kalipa. Inapasa iingie kwa vidole mpaka mwisho. Kwa masta ya njia moja, hosi moja ikiachia hakuna breki ya mguu popote.

Na sili zilipakwa nini? Mafuta ya breki au grisi nyekundu ya mpira ndiyo sawa. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira, pistoni hairudi, pedi zinabaki zimegusa diski.

Mkongwe65
Nipeli ziko chini, zote mbili! Hosi zinaingia kwa vidole mpaka mwisho. Sili zilipakwa mafuta ya breki.

Diski_na_Pedi
Basi kalipa zihamishe, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Kabla ya kufungua, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko cha masta, mafuta yatadondoka kidogo tu. Washa za kukunja za bolti za kalipa ziwe mpya, na kiasi cha kukaza kitoke kwenye kitabu cha gari. Washa za shaba mpya tena, samahani. Mafuta yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji hapo hapo, usifute kwa kitambaa kikavu.

Kutoa upepo anza gurudumu la mbali zaidi na masta, malizia la karibu. Ondoa nailoni kabla ya kuanza, na masta isikauke katikati ya kazi, utaanza upya. Mwisho mtu akanyage kwa nguvu dakika nzima, wewe pitisha kidole kavu kwenye kila kiungo.