Vigae vya kisimani

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Mwalimu katutajia Themistocles wa Athens kisha akapita haraka. Alikuwa nani?

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Mwanasiasa na jemadari wa Ugiriki ya kale. Mwaka 483 KK machimbo ya Athens huko Laurion yalitoa madini mengi ya fedha, raia wakataka wagawane, sarafu 10 za drakma kila mtu. Yeye akasimama: hapana, zijengwe merikebu za kivita.

Mama Zuhura: Pesa iko mlangoni halafu umwambie mtu asubiri! Wakakubali?

Mjomba Idi: Wakakubali, dada. Miaka 3 baadaye Xerxes, mfalme wa Uajemi, akaja, akaichoma Athens. Wanawake na watoto walishavushwa bahari. Usiku Themistocles akamtuma Sicinnus, mtumwa aliyelea wanawe, akawaambie Waajemi kuwa Wagiriki wanatoroka. Waajemi wakaingia mlangobahari wa Salamis, mwembamba ule. Merikebu zao zikabanana, zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Walipigwa vibaya.

Kaka Salimu: Si huyohuyo aliyeishia kwa Waajemi? Msaliti huyo, Mjomba.

Mjomba Idi: Tazama kwanza alivyofukuzwa. Athens walikuwa na kura ya vigae, vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika. Unakwaruza kwenye kigae jina la unayetaka aondoke. Kura zikifika 6,000, aliyetajwa zaidi anahama miaka 10. Ikamwangukia yeye. Sasa, mwaka 1937 wachimbuaji walikuta kwenye kisima kando ya kilima cha Acropolis, Athens, vigae kama 190 vya jina lake. Kukagua miandiko, ni mikono 14 tu!

Mama Zuhura: Yaani watu wachache walikaa wakaviandaa, wengine wapewe wakatumbukize?

Mjomba Idi: Ndivyo wataalamu wanavyoona.

Mama Zuhura: Imeniuma. Merikebu zilizowaokoa ni yeye aliyezipigania.

Mjomba Idi: Na huko uhamishoni wakamshtaki kwa kula njama na Waajemi, wakamwinda kila alikokwenda. Ndipo akakimbilia kwa Artaxerxes, mtoto wa Xerxes yuleyule. Akaomba mwaka mmoja, akajifunza Kiajemi, ndipo akasimama mbele ya mfalme. Akapewa miji mitatu ya kumlisha: Magnesia ya mkate, Lampsacus ya divai, Myus ya kitoweo.

Kaka Salimu: Kitoweo cha adui, Mjomba. Mimi bado sijaridhika.

Mjomba Idi: Sikulazimishi. Ila jeshi la Waajemi hakuliongoza kwenda Athens hata siku moja. Alifia Magnesia.

Zuhura: Nimepata picha za vigae vya kisimani. Vingi ni vitako vya vikombe, jina limekwaruzwa likizunguka duara. Herufi zinasomeka mpaka leo, Mama, njoo uone.