Naomba ushauri: viumbe watatu ndani ya nyumba, yupi ni buibui kweli?

MkaziWaKongwa
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naishi Kongwa, mkoani Dodoma, katika nyumba ambayo chumba cha watoto bado kina sakafu ya udongo, na tangu mvua zianze tunakutana na viumbe ambao nyumbani wote huitwa buibui na wote huuawa kwa ndala. Wa kwanza ni bapa, wa kijivu, hukaa ukutani na hujificha nyuma ya kalenda ukimkaribia. Wa pili ana rangi ya mchanga na vinyweleo vingi, miguu yake yaonekana kuwa kumi, na usiku hukimbia kwa kasi ya kutisha kuelekea kwenye taa. Wa tatu ni mdogo, wa kahawia, wa mviringo. Tulimkuta kwenye ufa wa sakafu. Juzi binti yetu aliamka na mstari wa malengelenge shingoni, na jirani anasisitiza kuwa amekojolewa na buibui. Je, nipulizie dawa nyumba nzima?

Mwalimu_Bayolojia
Mkuu, kabla ya dawa, tazama maumbile. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili zinazounganishwa na kiuno chembamba; hana mabawa, hana vipapasio kichwani, na nyuma ya tumbo ana vifereji vya kutolea uzi. Kwa maelezo yako, wa kwanza ni buibui halisi, yamkini wa jenasi ya Selenops, ambao miguu yao hulala ubavu kama ya kaa na ambao hawatandi utando wa kunasia mawindo, bali huvizia wadudu ukutani. Mwacheni.

Wa pili si buibui, ingawa ni ndugu wa mbali. Kitaalamu huitwa solifuji, na hupenda maeneo makavu kama ya kwenu. Miguu yake ni minane. Ile jozi ya mbele inayokufanya uhesabu kumi ni viungo vya kupapasia na kukamatia. Hana tezi za sumu wala hafumi uzi, lakini taya zake ni kubwa kupita kiasi na zinaweza kufinya vizuri, kwa hiyo asishikwe kwa mkono. Huja kwenye taa kwa sababu wadudu anaowala hukusanyika hapo.

DadaWaZahanati
Kuhusu binti, sidhani kama buibui anahusika. Malengelenge ya mstari wakati wa mvua mara nyingi husababishwa na mbawakawa mdogo, mwembamba, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi zinazopishana, yule ambaye jina lake limefungamanishwa na jiji la Nairobi. Haumi wala hachomi. Mwilini ana sumu iitwayo pederini, nayo hutoka anapopondwa juu ya ngozi; mtoto akimfuta usingizini, sumu husambaa kufuata njia ya kidole, na kwa kuwa malengelenge huchelewa kujitokeza hadi siku moja au mbili, lawama humwangukia kiumbe yeyote aliyeonekana asubuhi hiyo. Osheni kwa maji na sabuni, na asijikune kisha akagusa macho. Jicho likivimba, mpelekeni kituo cha afya bila kusubiri. Siku nyingine mkimwona mwilini, mpulizeni kwa pumzi aondoke, msimponde.

Mzee_wa_Mpwapwa
Mimi nahofia huyo wa tatu kuliko wote. Je, ana kiuno?

MkaziWaKongwa
Hana, mzee wangu. Mwili ni kipande kimoja, ngozi imekunjamana, na miguu ni minane.

Mzee_wa_Mpwapwa
Basi huyo ni papasi, jamii moja na kupe. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi kwenye nyufa, ndiyo maana watu huishi naye bila kumwona. Anaweza kuambukiza homa ya papasi, ambayo hupanda, hutulia siku kadhaa, kisha hurudi, na ni hatari hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Mtoto akipata homa ya namna hiyo, elezeni kituoni kwamba mmeona papasi, ili damu itazamwe kwa hadubini na msiishie kwenye kipimo cha malaria peke yake. Dawa ielekezwe kwenye nyufa za chumba hicho, kisha nyufa zizibwe, na mkijaliwa, sakafu iwekwe saruji. Kupulizia kuta zote kutaua yule buibui bapa na kuwaachia mende nafasi.

Pwani_Tanga
Nyongeza fupi. Huku kwetu kuna kosa la kinyume: juu ya miembe kuna buibui wanaofanana na sisimizi waitwao maji moto, nao hunyanyua miguu ya mbele ili ionekane kuwa vipapasio. Hao hawana madhara kwa watu. Wa kuangaliwa ni buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, ambaye hujificha chini ya viti na kwenye vyoo vya nje. Mifuko ya mayai yake ina vichomozo vidogo kama miiba, na sumu yake huleta maumivu makali.

MkaziWaKongwa
Nashukuruni. Chini ya viti nimekagua, sikuona mifuko ya namna hiyo. Je, chandarua kinamzuia papasi?

DadaWaZahanati
Kinasaidia, ikiwa watoto wanalala kitandani badala ya mkeka, kitanda kimesogezwa mbali na ukuta, na chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Hapo hata yule mbawakawa atawafikia kwa shida.