Nataka kujifunza programu kutoka sifuri, nipo Masasi

mgeni_masasi: Wakuu, habari za jioni. Sijawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Nina laptop ya Windows, RAM GB 4, na bando la kubanabana. Mmoja ananiambia C++, mwingine JavaScript. Nianze na lugha ipi ya programu?

fundi_mikindani: Python. RAM hiyo inatosha kabisa. Pakua kutoka python.org; faili halifiki MB 50, na ukishasakinisha unafanya mazoezi bila bando. Dirisha la kwanza la Windows installer lina kiboksi chini, Add python.exe to PATH, kinachoiwezesha Windows kuipata Python. Kiwekee tiki kabla hujabonyeza kitu. Wengi wanakiruka, halafu wakiandika python kwenye cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri) linafunguka duka la Microsoft, wanadhani kompyuta mbovu. Andikia programu kwenye IDLE, kihariri cha Python, inakuja humo humo. C++ si mbaya, ila utagombana na kompaila (kinachogeuza ulichoandika kuwa programu) kabla hujajua programu ni nini.

kusini_newala: Naongezea. Usikariri, chukua hesabu unayoijua. Msimu wa korosho kila mtu anapiga kilo mara bei (2500 ni mfano tu):

kilo = input("Kilo: ")
bei = 2500
print(kilo * bei)

Ingiza 80. Hupati 200000, skrini inajaa 80808080, maana input (inayopokea unachoandika) hurudisha maandishi, si namba, na Python inayarudia mara 2500. Mstari wa kwanza uwe:

kilo = float(input("Kilo: "))

Sasa inatoka 200000.0. Ukiweka int (namba nzima tu) badala ya float (namba yenye desimali), mizani ikisoma 80.5 programu itagoma.

mgeni_masasi: Nimeandika 80,5 imeleta maandishi mekundu kibao.

kusini_newala: Ni huo mkato, Python inataka nukta. Kosa lisome kuanzia chini: mstari wa mwisho umesema ValueError na umekutajia '80,5' yenyewe. Juu yake kuna namba ya mstari ulioharibika.

fundi_mikindani: Na usinakili kutoka Word, inapinda alama za nukuu, Python haizitambui. Ukifika kwenye if (ya masharti) na for (ya kurudia), mstari uishie na nukta mbili (:), unaofuata uingie ndani nafasi 4. Ukichanganya nafasi na Tab inagoma. Hiyo ikikaa sawa, jaribu magunia matano, kila moja na uzito wake, for ijumlishe. Ukikwama weka hapa programu nzima pamoja na kosa, si picha ya nusu skrini.