Kompyuta ya mezani inagoma kuzima: skrini inakufa, feni zinaendelea. Fundi anataka kubadilisha mazabodi

Mama Kopi

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina steshenari ndogo Sinza, upande wa Mori. Naprinti, natoa kopi, naskani vyeti na kujazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, zile used za maofisini zinazoingia kutoka nje, ilikuja na Windows 7. Ilipokuwa nzito nikaipeleka kwa fundi, akaweka SSD (diski ya kasi) na kupiga Windows 10. Kasi ikarudi, nikafurahi sana.

Tangu hapo haizimi. Nikibonyeza Shut down inaandika kwamba inazima, skrini inakuwa nyeusi, monita inalalamika haipati signali, halafu inaishia hapo. Feni za ndani zinaendelea kuzunguka, taa ya mbele inawaka, na mausi ina taa nyekundu kwa chini. Naiacha, nafunga mahesabu, napanga rimu za karatasi, nikirudi iko vilevile. Mwisho nashikilia kitufe cha mbele mpaka inakata. Restart haina shida, inakata na kuwaka yenyewe vizuri.

Kinachoniumiza ni faili za watu. Humo kuna CV, ripoti za field za wanafunzi wa Mlimani, mikataba ya kupanga nyumba. Sasa hivi ni msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo, vijana wanapanga foleni mpaka nje. Kila nikiikata kwa nguvu najiuliza kesho itawaka au ndiyo basi.

Fundi wa pili niliyemwonyesha kasema mazabodi (bodi kuu ya ndani) imechoka, anataka laki na themanini aweke nyingine. Hakuifungua, aliisikiliza tu. Je, nimpe?

Natanguliza shukrani.

Mtu wa Tandika

Pole dada. Ngoja waje wataalamu, na mimi nakaa hapa. Ofisini kwetu kuna moja inafanya hivyohivyo.

Kijana wa Gerezani

Kitufe cha pawa kimekwama hicho. Steshenari zina vumbi la karatasi, linajaa kwenye kitufe. Fungua kava, pulizia, kwisha kazi.

Fundi Bodi

Mama Kopi, usimpe mtu hela bado.

Mkuu wa Gerezani, kuhusu kitufe sikubaliani. Kitufe kikikwama kwa ndani, mashine inaona mtu amekibonyeza muda wote, na kikibonyezwa zaidi ya sekunde nne mfululizo inakata umeme. Ingekuwa hivyo, dada angekuja na kilio tofauti: inawaka, inazima, haifiki hata kwenye Windows. Kupulizia vumbi ni jambo jema, ila sio dawa ya hili.

Sasa tuanze na kitu ambacho dada amekitaja kwa kupita, maana kina uzito kuliko vyote. Amesema akishikilia kitufe, inakata. Amri hiyo haipiti Windows kabisa, inatekelezwa na bodi yenyewe. Bodi inaiamrisha pawa saplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme), pawa saplai inakata. Kumbe bodi inajua kuzima, na pawa saplai inatii. Anayesema bodi imekufa inabidi aeleze kwa nini inazima vizuri ikiamriwa kwa kitufe na inagoma ikiamriwa na Windows.

Fanya jaribio hili dukani, halina gharama. Washa mashine, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi inayotangulia Windows (mashine nyingi za ofisi ni F2 au F10 mara tu inapowaka). Ukiwa humo bonyeza kitufe cha pawa mara moja, kwa kugusa tu. Ikikata papo hapo, bodi iko salama kwa hili tunalozungumza. Kama una kijana anayejua, aweke Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kwenye flashi, awashe kutoka kwenye flashi bila kuingiza chochote kwenye SSD, kisha azime kutokea humo. Ikizima, ugonjwa uko kwenye Windows na draiva zake, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa.

Jaribio lingine: ndani ya Windows, shikilia Shift huku unabofya Shut down. Kuanzia Windows 8 ya 2012, ukibofya Shut down kawaida mashine haizimi kikamilifu. Inafunga programu zako, halafu ile roho ya Windows yenyewe inahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Wanaita fast startup. Kifaa kimoja kikigoma kulala, zoezi zima linaganda na feni zinabaki zinazunguka. Restart haipiti njia hiyo, inafunga kila kitu, ndiyo maana kwako iko sawa. Ukishikilia Shift unalazimisha kuzima kikamilifu.

Lete majibu tuendelee.

Mzee wa Analogia

Niongezee kidogo kwa faida ya vijana. Kompyuta za zamani za mfumo wa AT zilikuwa na swichi ya kweli kwa mbele, inakata umeme kama swichi ya taa. Wa zama zangu wanakumbuka Windows 95 ikimaliza inaandika kwa rangi ya machungwa kwamba sasa ni salama kuzima, halafu unakata mwenyewe kwa mkono. Mfumo mpya wa ATX ulipokuja mwaka 1995, kitufe kikabaki kuwa ombi tu. Unaomba, bodi na programu ndizo zinazoamua. Mafundi wengi wanakwama hapa, wanatafuta swichi iliyoharibika wakati swichi yenyewe haipo.

Mama Kopi

Shikamoo mzee, asante kwa elimu.

Fundi Bodi, nimejaribu. Kwenye BIOS nimegusa kitufe, imekata palepale, hata sekunde haikupita. Kwa Shift imekuwa hivi: mara inazima vizuri, mara inaganda kama zamani. Linux sijapata mtu wa kunisaidia.

Na hili niulize: kwa sasa nikiiacha iwake hivyohivyo usiku kuna ubaya? Angalau nisiikate kwa nguvu.

Bint Ilala

Usiiache dada. Tuseme katika hali hiyo inakula wati 50. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi ni saa 12, hizo ni uniti 0.6 za LUKU kila usiku, karibu uniti 18 kwa mwezi, kwa mashine isiyofanya kazi yoyote. Na umeme ukikatika usiku itakatwa kwa nguvu vilevile, wewe ukiwa umelala.

Ukilazimika kukata, funga kwanza mafaili yote, bonyeza Shut down, subiri ile taa ndogo ya diski iache kabisa kupepesa, ndipo ushikilie kitufe. Na kazi za wateja zikae pia kwenye diski ya nje, hilo halina mjadala.

Kijana wa Gerezani

Sawa, kitufe nimekiacha. Ila dada afungue Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nina uhakika atakuta Kernel-Power 41 zimejaa. Hiyo 41 ni pawa saplai mbovu, kila fundi anajua.

Fundi Bodi

Zitakuwepo, na hazithibitishi hilo. Tukio namba 41 linaandikwa mashine inapowaka tena, kusema kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Mtu akishikilia kitufe, linaandikwa. Umeme ukikatika, linaandikwa. Pawa saplai ikizingua, linaandikwa vilevile. Linakuonyesha matokeo, chanzo ukitafute mwenyewe. Watu wamenunua pawa saplai mpya kwa sababu ya namba hiyo, na tatizo likabaki palepale.

Dada, BIOS imeshakujibu: bodi ni nzima, weka laki na themanini yako mfukoni. Na kwa kuwa Shift inasaidia nusunusu, fast startup inachangia lakini nyuma yake kuna draiva inayogoma. Fundi wako wa kwanza alipopiga Windows, draiva alizitoa wapi?

Mama Kopi

Alikuwa na flashi yenye programu inayotafuta draiva zote kwa pamoja. Aliiacha ikafanya yenyewe.

Fundi Bodi

Basi tumefika. Hizo draiva za mkupuo zinachagua iliyo mpya kuliko zote, bila kujali bodi yako ni ya mwaka gani. Kwenye mashine za ofisi za zamani inayoleta balaa hili mara nyingi ni draiva ya Management Engine Interface. Ni kidude kilichomo kwenye bodi kinachoshughulika na usimamizi wa mashine, pamoja na mambo ya umeme. Draiva ikiwa ya kizazi kipya na bodi ya kizazi cha nyuma, wakati wa kuzima wanashindwa kuelewana na mashine inabaki katikati.

Fanya hivi. Bofya kulia kwenye alama ya Windows, fungua Device Manager, shuka mpaka System devices, tafuta Management Engine Interface. Ingia Properties, kwenye Power Management toa tiki ya kuruhusu kompyuta ikizime kifaa hicho kuokoa umeme. Usipoikuta sehemu hiyo, usihangaike, endelea.

Kisha geuza kompyuta, soma namba ya utambulisho kwenye kibandiko nyuma au ubavuni. Iandike kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, sehemu ya msaada, watakuletea draiva za mashine yako hiyohiyo. Chukua ya Management Engine na ya chipset (chipu kuu za bodi). Zikiwepo za Windows 10 chukua hizo. Ondoa iliyopo, weka hiyo, restart.

Mwisho fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, gonga Enter. Haitajibu kitu, ndivyo inavyotakiwa. Fast startup inaondoka pamoja na lile faili la hiberfil.sys, na kwa SSD ndogo utapata nafasi ya GB kadhaa. Itachelewa kidogo kuwaka asubuhi, lakini kwa SSD hutaona tofauti ya kukukera.

Kitu kimoja usiguse: tovuti itakuonyesha pia BIOS mpya. Iache. Umeme ukikatika katikati ya kuweka BIOS, hapo mazabodi utanunua kweli. Kama siku moja italazimu, ifanyike ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima.

Suala la Windows 10 kumaliza muda wake Oktoba 14, 2025 linahitaji uzi wake, tusichanganye.

Mama Kopi

Wakuu, imezima! Nimetoa draiva, nimeweka ya kampuni, nimeandika ile amri. Tangu hapo nazima kawaida na kila mara feni zinasimama kabisa. Mungu akubariki Fundi Bodi, na wote mliochangia.

Ila kuna mawili. Mausi inabaki na taa nyekundu hata feni zikisimama. Na leo asubuhi nimefungua duka nikakuta kompyuta imewaka yenyewe, iko kwenye sehemu ya kuweka nywila. Nina hakika jana niliizima, nilisikia feni zikinyamaza.

Bint Ilala

Ya mausi isikutie hofu. Pawa saplai ikiwa bado imechomekwa ukutani inaacha volti 5 za stendibai ili bodi iweze kusikia kitufe, na bodi nyingi zinazigawa mpaka kwenye USB. Ikikukera, kwenye BIOS tafuta neno ErP au Deep Sleep uliwashe, taa itazima. Jina hilo la ErP linatokana na kanuni za Ulaya ambazo tangu 2013 zinataka kifaa kilichozimwa kisile zaidi ya nusu wati. Ni kiasi kidogo, hata ukiiacha haina hasara.

Jana usiku umeme ulikatika huko kwenu?

Mama Kopi

Ulikatika, sijui ulirudi saa ngapi. Jirani wa saluni ndiye aliyeniambia.

Bint Ilala

Ndiyo hiyo. Kwenye BIOS kuna sehemu ya kuamua umeme ukirudi mashine ifanye nini. Nyingine zinaandika AC Recovery, nyingine After Power Loss. Yako bila shaka imewekwa Power On, kwa sababu huko ofisini ilikotoka walitaka iwake yenyewe. Weka Power Off, hifadhi, toka. Kwa hapa Dar ni vizuri zaidi ibaki imezima, maana umeme ukirudi mara nyingi unarudi kwa kishindo, unaweza kukata tena papo hapo. Ukifunga duka zima na swichi ya ukutani.

Mtu wa Tandika

Wakuu, na mimi nimejaribu kila kitu mlichoandika kwenye ile ya ofisini. Yetu nikishikilia kitufe haikati. Nashikilia mpaka kidole kinauma, feni zinaendelea, mpaka nichomoe waya ukutani. Ile amri haikusaidia.

Fundi Bodi

Yako ni ugonjwa mwingine, usitumie dawa ya Mama Kopi. Kitufe kikishindwa kukata, lawama inahama kutoka Windows kwenda kwenye vyuma: pawa saplai au bodi.

Kama plagi kubwa ya bodi ina nyaya 24 za rangi za kawaida, tafuta waya wa kijani, upo mmoja tu. Huo ndio bodi inaoutumia kuamrisha pawa saplai. Chukua mita, weka kwenye DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu iguse kijani kwa nyuma ya plagi, mashine ikiwa imewaka. Itasoma karibu na sifuri. Sasa zima. Kijani kikipanda kuelekea volti 5 na feni bado zinazunguka, bodi imeshasema zima na pawa saplai imekataa, hivyo badilisha pawa saplai. Kikibaki sifuri, bodi ndiyo inayong'ang'ania, au kuna kitu kimegusana chini yake. Angalia skrubu iliyodondokea ndani.

Mashine nyingi za ofisi zina plagi ndogo za kampuni yenyewe, na rangi hazifuati utaratibu huu. Ukikuta hivyo usipime kwa kubahatisha. Na pawa saplai yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kapasita za ndani zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300.

Mtu wa Tandika

Nyaya 24, kijani kipo. Ikiwa imewaka inasoma sifuri, nikizima inapanda hadi 4.9 na feni haziachi. Nimeazima pawa saplai ya kompyuta ya stoo nikaichomeka, mashine imezima kwa Shut down na kwa kitufe. Kesho namwandikia bosi ombi la pawa saplai.