Naomba ushauri: mwajiri wa zamani anadai nirudishe pesa za kupunguzwa kazi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Ngamiani, Tanga. Nilikuwa kwenye kiwanda cha mkonge miaka 6 na miezi 4, tukapunguzwa kazi mwezi wa nne. Mshahara wa msingi ulikuwa 520,000, na kiinua mgongo niliingiziwa benki 1,400,000. Nilipokea kwa nia njema, hesabu walifanya wao.

Wiki iliyopita nimeletewa barua: eti walinihesabia miaka 10 kimakosa, nirudishe 560,000 ndani ya siku 14, la sivyo mahakamani. Nimekaa na karatasi. Sheria ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, kwa siku moja ni kama 20,000, kwa hiyo stahiki yangu ni 840,000. Kwa kweli wamezidisha, sikatai. Ila pesa imeshaisha: ada za watoto wawili na bati za nyumba ya mama.

Nilikwenda ofisini nikaomba nilipe 50,000 kwa mwezi. Wamekataa kwa mdomo tu, na cheti cha utumishi wamekishikilia mpaka nilipe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana bila cheti kazi nyingine naipataje?

Naomba mnisaidie: wana haki ya kudai zote kwa mkupuo wakati kosa ni lao? Na suala la cheti, nianzie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Tanga au kwa ofisa kazi? Aliyewahi kupitia haya anieleze, siku zimebaki 9.