Mwanangu kawachorea magongo watoto wote wa kwenye kitabu cha shule. Tupeane uzoefu: vitabu vya watoto wenye ulemavu mlivyokutana navyo

MamaNai_Sakina
Wakuu, habari za jioni.

Leo nimeitwa shule. Binti yangu yuko darasa la pili, alizaliwa na mgongo wazi, anatembea na vyuma vya miguu na magongo mawili. Nikajua ameanguka, nikapanda toyo mbio. Kumbe nimeitwa kwa kosa la kuharibu mali ya shule.

Mwalimu akafungua kitabu cha kusoma mbele yangu. Kila mtoto aliyechorwa humo ameongezewa magongo kwa peni ya bluu. Anayeteka maji ana magongo. Golikipa ana magongo. Mama anayechoma maandazi naye hakusalimika. Ukurasa wa mwisho kuna mbuzi kafungwa kwenye mti, yeye kapewa manne. Na kayachora kwa ufundi: ile raba nyeusi ya chini, ya kuzuia kuteleza, kaikoleza mpaka karatasi ikatoboka.

Natakiwa kulipa elfu nane. Hiyo nitalipa. Kilichoniuma ni kwamba nimetoka pale nikaingia mjini, maduka ya vitabu matatu, nauliza hadithi yoyote yenye mtoto anayetembea kwa magongo. La kwanza wakanipa kitabu cha dini, kiwete anaponywa. La pili wakaniuliza, "Ni ya mradi?" La tatu kijana alitafuta kweli, akarudi na vumbi mikononi na hadithi ya sungura aliyevunjika mguu.

Ninyi mlisoma nini utotoni? Kuna kitabu mnakifahamu? Tupeane uzoefu.

Chuga_Damu
Mbuzi wa magongo manne!!! Samahani dada, nimecheka hadi kondakta kaniangalia. Mbuzi kakosa nini?

Dada_wa_Kaloleni
Umenikumbusha mbali.

Dada yangu mkubwa alipata polio akiwa na miaka minne. Mimi ndiye nilikuwa msomaji wa nyumba. Nikiwa darasa la sita nikaazima maktaba ya mkoa kitabu cha Heidi, hadithi ya Uswisi ya miaka ya 1880. Mle kuna msichana wa kwenye kiti cha magurudumu, Clara. Anapelekwa milimani, anakunywa maziwa ya mbuzi, hewa safi, mwisho anasimama na kutembea.

Sasa sisi tunauona Mlima Meru dirishani. Hewa ipo. Jirani ana mbuzi. Nikaona dawa tunayo, wazazi tu hawajasoma. Nikawa nachota maji kwa jirani kila alfajiri, malipo yangu kikombe cha maziwa, nampelekea dada kitandani. Mwezi mzima. Kila asubuhi nasimama mlangoni natazama miguu yake.

Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, nimechoka kunuka beberu." Nikalia kama nimefiwa. Yeye hakuwahi kuomba kutembea, alikuwa anaomba nimsomee kitabu kingine.

Kwa hiyo dada, ukikipata kitabu, angalia mwisho kwanza. Kama mtoto anaponywa ukurasa wa mwisho, rudisha dukani.

Mama_Glory_Himo
Hapo kwenye kunuka beberu nimemwona dada yako kabisa. Mpe salamu.

Kidume_cha_Rombo
Mimi sioni tatizo liko wapi. Vitabu vya vilema vitamfanya mtoto ajione tofauti. Mpe vitabu vya kawaida asome kama wenzake, elfu nane umkate kwenye hela ya peremende.

Mwalimu_Tengeru
Kwanza rekebisha lugha. Ni watu wenye ulemavu, hata sheria ya 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kilema, kiwete, kipofu, unawaweka binadamu kwenye ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kikombe. Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, tuliambiwa hilo siku ya kwanza.

Kidume_cha_Rombo
Na kijana je? Kiongozi? Kinyozi? Nao vikombe?

Mwalimu_Tengeru
Huna hoja, una kelele.

Mikono_Inaongea
Mimi ni kiziwi na najiita kiziwi. Chama chetu ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, jina tunalitumia wenyewe. Wenzetu wa macho wao wamechagua "wasioona", sawa, ni haki yao. Muulizeni mwenyewe anaitwaje kabla ya kugombana kwa niaba yake. Ila ukiniita bubu tutagombana kwa alama, na alama zingine sitakutafsiria.

Kuhusu vitabu: kiziwi wa hadithi niliyemsoma shuleni aligongwa na gari kwa sababu hakusikia honi. Wa pili naye akagongwa na gari. Waandishi sijui wana nini na magari. Naendesha baiskeli Njiro mpaka mjini mwaka wa kumi na mbili sasa, nina shingo, nageuka.

Chuga_Damu
"Nina shingo, nageuka" 😂 arifu umetisha.

Mangi_wa_Majengo
Nilikuwa napita tu, ila hii mada imenishika shati.

Wote mliosoma sekondari mnaijua Takadini. Kwa asiyeijua: ya Ben Hanson, mambo yanatokea Zimbabwe, mama anaitwa Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe, mama anatoroka naye. Sisi tuliisoma kidato cha tatu, hapa hapa Moshi, shule siitaji.

Darasani tulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye ualbino. Kijana mpole, mtu wa Kibosho. Alikuwa haoni ubaoni hata akikaa dawati la mbele, macho yanacheza. Akisoma anasogeza kitabu mpaka pua inagusa karatasi. Ikifika saa nane ana wino puani. Tulimzoea. Mimi nilikuwa nampa daftari langu anakili, yeye ananipa maandazi, biashara safi kabisa.

Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, sijui alifikiria nini, siku ya kwanza ya kitabu akasema, "Wewe, simama utusomee." Ile sehemu ya kuzaliwa mtoto. Akasimama, kitabu puani. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kwaya. Anasoma wakunga wanavyoshtuka, anasoma mama anavyomwangalia mwanawe. Darasa lote kimya, unasikia mabati yanavyotanuka kwa jua. Akafika pale kwenye jina la mtoto.

Nyuma mtu akaita kwa nguvu: "TAKADINI!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, nilimwona. Yule mwenzetu hakuacha kusoma. Alimaliza ukurasa, akafunua mwingine, akaendelea, huku watu wanagonga madawati. Kuanzia siku ile hakuitwa tena jina lake. Foleni ya chakula, Takadini. Paredi, Takadini. Hadi mpishi.

Nashuka Kibosho Road, nitaendelea.

Soweto_Boy
Mangi usitufanyie hivyo!! Rudi!

Nimekaa_Pale
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Kidume_cha_Rombo
Chai. Mwalimu gani anatabasamu.

Mama_Glory_Himo
Wewe hukusoma shule au? Walimu wa kutabasamu tumewaona wengi.

Ngarenanyuki_Asili
Wakati tunamsubiri Mangi, na mimi niseme la kwetu upande wa Meru. Nilikuwa na matege makubwa utotoni, nikisimama mbwa anapita katikati. Hadithi zote za bibi jioni, mwenye miguu ya kupinda ni mchawi. Zote. Akifika hapo binamu zangu wananigeukia taratibu, bila kusema kitu.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni maji. Maji ya huku yana floraidi nyingi, ndiyo inayotupaka meno rangi ya kahawa, na ikizidi sana kwa mtoto anayekua inapinda mifupa. Ngurdoto pale kuna kituo kimefanya utafiti wa kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Kiwango cha shirika la afya duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vya kwetu vilipita hapo kitambo. Bibi amekufa hajui kwamba mchawi alikuwa bombani.

Fundi_Njoro
Ongeza na magadi ya kulainishia maharage, nayo yana floraidi.

Ngarenanyuki_Asili
Magadi tumekula tangu mababu.

Fundi_Njoro
Na matege mmekuwa nayo tangu mababu.

Binti_Machame
Jamani mada ni vitabu, mmefika kwenye maharage.

Nukta_Sita
Mimi sioni. Nilisoma Mwereni hapa Moshi, bweni. Faida moja tuliyokuwa nayo: taa ikizimwa saa tatu wenzetu wanaoona wanalala, sisi kitabu kiko chini ya blanketi, vidole vinatembea. Kiranja anapita na tochi anamulika nyuso, anakuta macho yamefungwa, anaridhika.

Hadithi ya nukta nundu ni mzigo. Kitabu kidogo cha kawaida kinageuka majuzuu matatu mazito kama matofali. Kulikuwa na hadithi moja ya wavuvi, juzuu la kwanza lipo, la pili lipo, la tatu lilipotea kabla sijaandikishwa shule. Nimemaliza chuo, nimeoa, sijui wale wavuvi walifika pwani au la.

Na humo kote hakuna hata mtoto mmoja asiyeona. Louis Braille alitengeneza maandishi haya akiwa na miaka 15 tu, mwenyewe haoni, halafu sisi tunayatumia kusoma habari za watu wanaotazama mwezi.

Mangi_wa_Majengo
Nimefika nyumbani. Aliyeita nyuma ni mimi.

Hamkutegemea. Mimi mwenyewe sikutegemea, lilinitoka tu, nilitaka watu wacheke. Maandazi yake nilikuwa nimekula asubuhi hiyo hiyo. Muhula ulipoisha hakurudi. Wakasema amehamia kwa mjomba wake Tanga.

2019 nikakutana naye stendi ya Moshi. Kofia pana, mikono mirefu, kapaka mafuta ya jua, ananiambia ni Kilisun, ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC, enzi zetu tulikuwa tunamwona na malengelenge tu. Nikamsalimia kwa jina lake halisi. Akasogeza uso karibu kabisa kuniangalia, ile ile ya pua na kitabu. Akafurahi! Tukakaa, nikamlipia soda na chapati. Nikajikaza nikamuuliza kuhusu kile kitabu.

Akasema, "Nilikipenda sana. Nilikuwa nimeshakimaliza likizo, chini ya mgomba, kabla hamjakifungua. Nilikuwa nangoja kwa hamu tufike darasani." Kimya kidogo. "Hivi aliyeita siku ile alikuwa nani?"

Nikamwambia sikumbuki.

Soweto_Boy
Daah.

Mama_Glory_Himo
Mtafute umwambie. Leo.

Dada_wa_Kaloleni
Usimtafute. Utakuwa unajitua mzigo wako umbebeshe yeye. Soda alishakunywa, mwache.

Mwalimu_Tengeru
Kosa la kwanza ni la mwalimu. Kitabu kama kile humsimamishi mwenye hali hiyo akisome mbele ya wenzake bila kuongea naye kabla. Ila kitabu kisiondolewe.

Kidume_cha_Rombo
Si ndicho nilichosema? Angepewa kitabu cha kawaida yasingetokea.

Nukta_Sita
Kidume, jamaa alikipenda kitabu. Soma tena. Nakusomea kwa vidole ukitaka.

MamaNai_Sakina
Uzi wangu umetekwa na Mangi, lakini simlaumu, nimesoma nikiwa nimesimama jikoni ugali ukaungua. Naomba bado: vitabu.

Binti_Machame
Ingia African Storybook kwenye intaneti, hadithi za bure, za Kiswahili zipo nyingi, na unaruhusiwa kutengeneza ya kwako ukaweka picha. Chapisha pale stesheneri, bana pini, basi.

Chuga_Damu
Au usihangaike, ukisoma kitabu cha kawaida wewe mwongezee tu kwa mdomo: "Juma akachukua magongo yake akaenda sokoni." Mimi mwanangu ana kigugumizi, nikisoma mfalme nae ana kigugumizi. Hadithi ya dakika tano inachukua nusu saa, lakini mtoto anacheka hadi anasahau cha kwake.

Mwalimu_Tengeru
Hiyo ya kigugumizi siipendekezi, anaweza kuona unamwigiza.

Chuga_Damu
Mwalimu njoo usikilize mwenyewe uone nani anamwigiza nani.

Fundi_Njoro
Mimi natengeneza magongo na vyuma. Nikwambie dada, achana na elfu nane ya kitabu, angalia raba za chini. Zikiisha, gongo linateleza kwenye saruji, linapasuka, mtoto anakaa ndani wiki nzima anasubiri jingine. Wateja wangu wengi wana jozi moja tu. Raba ukikosa kata tairi la pikipiki, usikate ndala, ndala inateleza ikilowa.

Mama_Glory_Himo
Na sisi tunaendelea kumsubiri mbuzi. Mleta mada, ulimuuliza mtoto?

MamaNai_Sakina
Nimemuuliza sasa hivi anakula. Nimemwambia, "Wenzako nimeelewa. Mbuzi je, wa nini magongo manne?"

Kaniangalia kama mtu asiyejua kusoma. "Mama, si ya kwake. Amebebeshwa ya akiba."

Fundi_Njoro
Mlete huyo karakana.