Nibaki chuoni kufundisha uhandisi au niende saiti?

BintiWaMwaloni
Wakuu, mwangaluka. Naomba ushauri wa waliopita njia hii, siyo wa kunituliza.

Namaliza mwaka wa nne, uhandisi ujenzi. Mtoto wa Igoma, mama anauza dagaa Mwaloni Kirumba, na nimesoma kwa mkopo wa bodi na hayo magunia. GPA mpaka sasa 4.1. Mkuu wa idara kaniita, kasema nafasi ya mkufunzi msaidizi itatangazwa, sifa ni 3.8 kwenda juu, na "tunahitaji mwanamke". Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi. Miaka minne nimefundishwa na mwanamke mmoja tu, naye alitoka idara nyingine kuja kutufundisha stadi za mawasiliano. Upande wa pili kuna mkandarasi niliyefanya kwake mafunzo kwa vitendo, ananitaka Julai. Mjomba anasema fuata hela. Mama anasema ualimu una heshima, ila katika sentensi hiyohiyo anauliza nitaolewa lini, kwa hiyo kura yake nimeiweka pembeni.

Swali: mwanamke akibaki idara ya uhandisi anapanda, au anawekwa pale picha ya idara ipendeze?

Nyundo_Buzuruga
Dada chukua nafasi, acha kuchambua maneno. Hiyo 4.1 umeitolea jasho. Mimi hizi hesabu za wanawake wangapi, weusi wangapi, zinanichosha. Nguzo ya daraja la Kigongo–Busisi haijui aliyeipigia mahesabu alivaa sketi au suruali. Sifa tu.

MamaGhuba
Nyundo, nguzo haijui. Anayepanga nani aende kwenye nguzo anajua sana.

Mdogo wangu, mimi ni mhadhiri mwandamizi, uhandisi wa maji na mazingira, chuo sikitaji. Tuliajiriwa wakufunzi wasaidizi wanne kwa mpigo, wanaume watatu na mimi, na kwa GPA nilikuwa wa pili. Utafiti wenyewe ulikuwa kuchota sampuli za maji Ghuba ya Mwanza, boti inaondoka saa kumi na moja alfajiri, kurudi saa tisa alasiri. Mkubwa wetu, mtu mpole kabisa, akasema boti haina choo, kwa hiyo wewe mama baki utusaidie ratiba ya mitihani. Nikabaki. Nikaongezewa ulezi wa wanafunzi wa kike, kuandika mihtasari ya vikao, na kamati ya harusi ya kila anayeoa. Hakuna aliyenivunjia heshima hata siku moja, naomba mlielewe hilo. Wenzangu walirudi na chupa za maji, chupa zikawa takwimu, takwimu zikawa makala, makala zikawapandisha cheo. Mimi nilikuwa na ratiba safi sana ya mitihani.

Mwaka wa nne nikamfuata nahodha mwenyewe, Mkerewe mmoja mcheshi. Akacheka mpaka akakaa chini. Tulinunua ndoo yenye mfuniko, turubai la bluu na kamba, tukafunga nyuma karibu na injini. Elfu thelathini na tano, hela yangu. Wiki iliyofuata nilikuwa botini, na tulipopita Saanane tu nikaanza kutapika. Lakini sampuli nilichota. Wale wanaume nao ndoo waliipenda kunizidi mimi.

Elfu thelathini na tano ilinila miaka minne. Kwa hiyo usiulize mshahara tu. Uliza utaenda uzamili lini, utafundisha saa ngapi kwa wiki, na funguo za maabara anakaa nazo nani. Majibu uyapate kwa maandishi.

Ukara_Ughaibuni
Shikamoo Mama. Nyundo kaka, kuhesabu kuna kazi yake. Mimi niko Marekani, maabara ya kemia. Nyumbani nilikuwa mtu wa Ukara basi. Huku siku ya kwanza nikapewa fomu ya kuchagua rangi.

Kuna mkemia wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Donna Nelson, aliziandikia idara 50 zinazoongoza katika fani mbalimbali za sayansi na uhandisi, akahesabu walimu kwa jinsia, kwa rangi na kwa ngazi. Utamu uko kwenye ngazi. Mwaka 2002, katika idara 50 za juu za sayansi ya kompyuta, hakuwepo mwanamke mweusi hata mmoja kwenye ngazi za uprofesa. Sifuri. Kwenye biolojia wanawake walikuwa wanachukua karibu asilimia 45 ya PhD, lakini kwenye ngazi ya chini ya uprofesa walikuwa kama asilimia 30. Wamefaulu, wana vyeti, halafu wanayeyukia njiani. Mtihani hauwezi kukueleza hilo.

Na la ndoo ya Mama lina ndugu yake. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa MIT, chuo kikubwa cha teknolojia huku, alitaka nafasi ya matangi ya samaki wake wa utafiti, wakamzungusha. Akachukua tepu, akapima maabara za wenzake moja moja. Wakati huo kitivo cha sayansi kilikuwa na wanawake 15 tu wenye ajira ya kudumu, wanaume karibu 200. Ripoti ilitoka 1999 na chuo kikakiri kuwa wanawake walibaguliwa.

Ila nikuonye, rangi huku ina ujanja wake. Mimi nikiajiriwa nahesabiwa mweusi, idara inapiga picha, na Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtaa wa pili bado yuko nje ya geti.

Nyundo_Buzuruga
Hayo ya Marekani. Sisi wote weusi hapa.

MzeeWaNsumba
Na Nairobi nako ni Marekani? Wangari Maathai alipata PhD chuo kikuu cha pale mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na bado ilibidi apambane na chuo kuhusu stahili za nyumba, kwa sababu mke wa mtu alidhaniwa anakaa kwa mumewe.

Na hapa kwetu, Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Wavulana walirudi na barua za mwajiri. Wasichana wengi walirudi na mtoto mgongoni, au hawakurudi. Mwaka 1976 wanawake wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Mimi nilikuwa nanung'unika kama wewe, kijana. Mke wangu alinielewesha kwa sauti kubwa.

BintiWaMwaloni
Shikamoo Mama, shikamoo Mzee. Nyundo asante pia, umenichokoza vizuri.

Leo nimepita korido ya idara nahesabu milango. Ipo 19. Jina la mwanamke liko kwenye mmoja, wa katibu muhtasi. Yeye ndiye kanisaidia kuandika barua kwa mkuu, nauliza mambo matatu: uzamili, saa za kufundisha, na funguo ya maabara ya udongo. Kaipiga muhuri wa kupokelewa mbele yangu, nakala ninayo.

Mkandarasi nimemwomba anipe mpaka Ijumaa.